Sikio la Mombasa Liende Chuoni

Hii ni hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne, wazazi wao na walimu, msimu wa kuchagua kozi za chuo kikuu. Nimeiandika karibu sawa na nilivyoisema.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana ambao hasa ndio mlionileta hapa: Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Walionitangulia wamewaeleza udaktari, uhandisi, ubaharia na biashara. Mimi nimepewa isimu tumizi. Jina lilipotajwa niliwaona baadhi yenu mkitazamana, na sishangai. Ni kozi ambayo kijana huiona kwenye orodha akaipita bila kuuliza. Leo naomba msiipite kabla ya kuijua.

Neno langu nitalisema mapema ili mjue ninakoelekea. Mji huu umekuwa ukiwapa wataalamu wa dunia lugha ya kuchunguza tangu karne ya 19. Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki, na sehemu kubwa ya yaliyomo aliyapata kwa watu wa Mombasa na Rabai. Baadaye akaja Taylor, mmishonari Mwingereza, akakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, msomi wa mji huu huu. Karatasi za kazi ile zimehifadhiwa London mpaka leo. Siwalaumu waliozihifadhi, maana bila wao baadhi ya beti zile zingekuwa zimepotea. Lakini tumekuwa wasemaji kwa muda mrefu mno. Nataka watoto wa Mombasa wawe wachunguzi, na wachunguze kwa faida ya Mombasa kwanza.

Kabla hatujaingia ndani mzazi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mwanangu kazaliwa Kisauni, Kiswahili amekinyonya. Nimlipie miaka minne akasome nini tena?" Ni swali la haki, na karo ni jasho la mtu. Jibu langu ni kwamba kusema lugha ni kitu kimoja, na kuichunguza ni kitu kingine. Isimu huchunguza lugha yenyewe: sauti zinavyotengenezwa kinywani, maneno yanavyoundwa, sentensi zinavyopangwa, maana inavyopatikana. Isimu tumizi huanzia pengine. Huanza na shida ya watu ambayo lugha imo ndani yake, kisha huichukua elimu yote hiyo, ikaichanganya na saikolojia, elimu ya jamii, ualimu na hata hesabu, ili shida ile ipate ufumbuzi. Mtoto hasomi. Mshtakiwa haelewi anachoulizwa. Mgonjwa ameamka hospitalini na maneno yamemtoka. Rubani na mwongozaji wake wa ardhini hawaelewani. Hizo ndizo mada zetu.

Kama taaluma yenye jina, haina umri mkubwa. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianzisha taasisi yake ya kufundisha Kiingereza kwa wageni mwaka 1941. Edinburgh ikafuata katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 chama cha kimataifa cha wanaisimu tumizi kikaundwa mjini Nancy, Ufaransa. Haja iliyoisukuma mwanzoni ilikuwa kufundisha Kiingereza, na nchi zilizotawaliwa, yetu ikiwemo, zikawa uwanja wake. Tulikuwa wanafunzi wa taaluma hii kabla hatujawa wataalamu wake. Hilo limebadilika, na waliolibadilisha ni pamoja na watu kama Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyechunguza mashairi ya Muyaka na tena, mwaka 1997, akaandika pamoja na Ken Osinde kuhusu Sheng, lugha ya vijana wa mjini inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine, wakati wengi walikuwa bado wanaiona ni uhuni wa vijana tu. Kwangu huo ndio moyo wa kazi: mtu anayeheshimu ubeti wa karne mbili nyuma na maneno ya kijana wa stendi, na kuvisikiliza vyote kwa sikio moja.

Sasa twendeni darasani, na hapo nitakaa, kwa sababu ndipo watoto wetu wanapoumia zaidi.

Mtoto wa Kibokoni anaandika insha: "Niliona ndaa, nikashika ndia ya nyumbani." Kalamu nyekundu inapita: njaa, njia. Akiandika mato, kalamu inarudi. Akiandika kitwa, inarudi tena. Insha inamrudia imejaa damu, na yeye ameandika kama wanavyosema mamake na nyanyake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa uliamua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikakaa kando. Sina ugomvi na Kiswahili sanifu. Ndicho ninachowahutubia nacho, ndicho kinachomwezesha mtoto wa Turkana na wa Vanga kufanya mtihani mmoja. Ugomvi wangu ni na namna tunavyomwambia mtoto wa Mvita kuhusu lugha yake.

Tazameni maneno yale vizuri. Pale Kiunguja kinaposema macho, kucheka, kichwa, Kimvita kinasema mato, kuteka, kitwa. Pale Kiunguja kinaposema njoo, njia, njaa, Kimvita kinasema ndoo, ndia, ndaa. Huu ni utaratibu, na mtoto ameufuata bila kuteleza hata mara moja. Mwalimu anayeujua atachukua kipindi kimoja, ataandika safu mbili ubaoni, atawaambia watoto: nyumbani tunasema hivi, kwenye mtihani tunaandika hivi, na hizi ndizo sauti zinazobadilishana. Watoto watashika, tena watafurahi kwa sababu wamepewa siri. Mwalimu asiyeujua atasahihisha neno moja moja mwaka mzima, na mtoto atamaliza shule akiamini kuwa nyanya yake hajui Kiswahili.

Hamisheni macho muende Changamwe, au Mikindani. Darasa ni moja, watoto hamsini, na kila mmoja ametoka na lugha yake. Mtoto wa Kigiriama anaandika "mutu" mahali pa mtu, kwa sababu kiambishi cha lugha yake kina irabu ambayo Kiswahili kimeiacha. Mtoto wa Kijaluo anasema "samba" akikusudia shamba, kwa sababu sauti ya sh haimo katika lugha yake ya kwanza. Wa Kikuyu zinampiga chenga r na l. Mwingine amekosea kwa sababu alikuwa na haraka tu. Kwenye daftari makosa yote hayo yana rangi moja, nyekundu, na alama zinazokatwa ni sawa. Lakini chanzo cha kila moja ni tofauti, na dawa yake ni tofauti.

Mwaka 1967 mwanaisimu wa Edinburgh aliyeitwa Pit Corder aliandika makala iliyogeuza fikra za walimu wengi. Alisema kosa la mwanafunzi ni ushahidi: linamwonyesha mwalimu mfumo ambao mwanafunzi ameshaujenga kichwani, na wapi bado haujakamilika. Kuna kuteleza, ambako mtu mwenyewe akiambiwa soma tena hujirekebisha, na kuna kosa linalorudi kwa sababu ndivyo anavyoamini lugha ilivyo. Kwa mji wetu ningeongeza tabaka la tatu, lile la lahaja, ambalo halistahili kuitwa kosa hata kidogo. Sera yetu ya elimu inataka mtoto wa madarasa ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Basi nani atatuambia lugha ya eneo ni ipi Mikindani, au Likoni, au Bamburi? Kura ya mdomo haitoshi. Anatakiwa mtu wa kuingia madarasani, arekodi, apime, alinganishe, kisha aandike vitabu vinavyofaa. Mtu huyo anafundishwa kozi hii.

Kutoka shuleni twende mahakamani. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema, katika kifungu cha 49, kwamba mtu akikamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Ni haki nzuri. Sasa sikilizeni inavyoweza kumponyoka mtu mikononi.

Wakili anauliza kwa Kiingereza kama mshtakiwa hakuwepo mahali pale usiku ule. Karani anatafsiri: "Hukuwepo?" Mzee wa watu anajibu: "Ndiyo." Kwetu sisi wote tulio hapa, amesema wazi kwamba hakuwepo, "ndiyo" yake inakubaliana na swali, yaani ni kweli, sikuwepo. Kiingereza kinakwenda kinyume. Ikiandikwa kwenye kumbukumbu za kesi kuwa amejibu yes, atakayesoma baadaye ataelewa kuwa alikuwepo. Hakuna aliyesema uongo. Karani anazijua lugha zote mbili, pengine kuliko mimi. Alichokosa ni mafunzo ya kumwambia hakimu pale pale: swali hili lina ukanushi, jibu lake naomba lirudiwe kwa sentensi nzima. Uwezo wa kusema lugha mbili haumfanyi mtu mkalimani. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni jambo linalofundishika, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na mwaka mmoja wa mtu gerezani.

Kuna tawi zima la kazi hii. Mwaka 1950 Timothy Evans alinyongwa Uingereza kwa kosa la mauaji, kwa kutegemea sana maelezo aliyodaiwa kuyatoa mbele ya polisi. Mwaka 1966 akapewa msamaha, naye yumo kaburini. Mwaka 1968 mwanaisimu wa Sweden, Jan Svartvik, aliyachambua maelezo yale na kuonyesha kuwa sarufi ya sehemu zilizomtia hatiani haifanani na ya sehemu nyingine. Kuanzia hapo isimu ikaingia mahakamani kama elimu ya ushahidi. Barua za vitisho, ujumbe wa simu, maelezo ya polisi yaliyoandikwa kwa lugha ambayo aliyetia sahihi haizungumzi: nani atakayevichunguza vikiwa kwa Kiswahili, au Kidigo, au Sheng? Tukisubiri mtaalamu kutoka nje, atakuja na mkalimani, na tutarudi pale pale.

Hospitalini, pia. Dawa zinatolewa kwenye kibahasha kimeandikwa 1×3. Mhudumu anasema haraka, "moja mara tatu," na foleni nyuma ni ndefu. Mgonjwa mmoja anaweza kuelewa kidonge kimoja asubuhi, mchana na jioni. Mwingine anaweza kuelewa vitatu kwa mpigo. Mwingine amefunga Ramadhani na hajui kidonge cha mchana akimeze saa ngapi, naye anaona haya kuuliza. Na ikiwa maelezo yametafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu, au na programu, isiyokumbuka kwamba saa zetu zinahesabiwa toka alfajiri, saa mbili asubuhi inageuka saa nane, na hakuna anayejua ni saa nane ipi. Mwanaisimu tumizi akiitwa hapo hakai ofisini akatafuta maneno mazuri. Anaketi na mfamasia, wanaandika maelezo, kisha anawafuata wagonjwa mlangoni na kumwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake atakavyomeza dawa. Wakikosea, kilichokosea ni maandishi, na yanaandikwa upya.

Na kiharusi, ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za mji huu. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alieleza habari za mgonjwa ambaye alielewa mengi aliyoambiwa lakini mdomoni mwake kulibaki silabi moja tu, akairudia kwa kila jambo. Alipofariki ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto wa mbele. Tangu siku hizo pametengenezwa vipimo vingi vya kupima usemi uliopotea, lakini vingi ni vya Kiingereza na lugha za Ulaya. Hebu fikirini kitenzi chetu kimoja, hatukumwambia. Ndani yake mna ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na mzizi, vyote katika neno moja. Mgonjwa wa Kiingereza akipoteza sarufi hudondosha vijineno vidogo. Msemaji wa Kiswahili atadondosha kipi, na atabaki na nini? Na kama mama yule amesema Kichonyi utotoni, Kiswahili sokoni na Kiingereza kazini, apimwe kwa lugha gani? Kipimo kizuri cha Kiswahili hakiwezi kupatikana kwa kutafsiri maswali ya Kiingereza. Lazima kijengwe, na wajenzi ni daktari na mwanaisimu wakiwa meza moja.

Bandari na uwanja wa ndege nitavipitia kwa kasi, ingawa wazazi wengi hapa wanakula kwa Kilindini. Januari 1990 ndege ya Avianca iliyotoka Kolombia ilianguka karibu na New York kwa kuishiwa mafuta, wakafa watu 73. Marubani walikuwa wamesema kuwa mafuta yanakwisha, lakini hawakutumia tamko rasmi la dharura, na waongozaji wa ardhini hawakuelewa ukubwa wa hatari. Ajali kama hizo zilichangia shirika la kimataifa la usafiri wa anga kuweka kiwango cha lugha kwa marubani wa safari za kimataifa na wanaowaongoza, ngazi ya nne kati ya sita. Baharini nako, mwaka 2001 shirika la kimataifa la ubaharia lilipitisha sentensi sanifu za mawasiliano kati ya meli na meli, na kati ya meli na nchi kavu. Vipimo na sentensi hizo vinahitaji watungaji, wakufunzi na watahini.

Niwaulize vijana: nani kati yenu hajatumia programu ya kutafsiri kwenye simu? Kiswahili hakitenganishi mume na mke kwenye "yeye", Kiingereza kinalazimisha kuchagua. Basi programu ikikutana na "ni daktari" hupenda kumfanya mwanamume, na "ni muuguzi" ikamfanya mwanamke, kwa sababu ndivyo maandishi iliyolishwa yalivyozoea. Na hapo tunazungumzia Kiswahili, chenye magazeti, redio na vitabu tele. Kidigo na Kiduruma hazina akiba kama hiyo ya maandishi, kwa hiyo kwenye mashine hizi zinakaribia kutokuwepo. Mashine haitajifunza Kiduruma kwa kukihurumia. Itajifunza ikiwa watu watarekodi, wataandika kwa tahajia moja, wataweka alama za sarufi, na watafanya hivyo kwa idhini ya wasemaji wenyewe. Idhini naisisitiza. Mzee akikupa hadithi yake ukairekodi, mweleze itakwenda wapi, na umrudishie nakala. Pwani hii imeshachukuliwa mengi bila kuambiwa yanakopelekwa.

Sasa mtasoma nini hasa? Mwaka wa kwanza ni misingi: fonetiki, fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki. Ni masomo magumu, na wapo wanaokata tamaa hapo kwa kuwa walidhani watakaa wakisoma riwaya. Halafu inakuja isimujamii, isimu ya nafsi, ujifunzaji wa lugha ya pili, tafsiri na ukalimani, upangaji wa lugha, mbinu za utafiti. Na takwimu. Kuna vijana wanaokuja kwenye lugha wakiikimbia hesabu; hao nawaonya mapema. Ukibuni njia mpya ya kufundisha kusoma, na watoto thelathini wakafanya vizuri, unajuaje kuwa ni njia yako na si bahati, au si kwamba walikuwa bora tangu awali? Hapo hesabu haiepukiki.

Lakini kuna vitu mtakavyokwenda navyo ambavyo mwenzenu wa mbali atavitafuta kwenye rekodi. Mwambieni nyanya yenu wa Mji wa Kale aseme paa la nyumba, kisha aseme paa mnyama. Aseme kaa la moto, kisha kaa wa baharini. Wekeni kiganja mbele ya mdomo wake. Kwa mnyama na kwa yule wa baharini mtahisi pumzi ikipiga kiganja. Kwa paa la nyumba na kaa la moto hamtaihisi. Kimvita kinatenganisha maneno haya kwa mpumuo, na kina t mbili, moja ya menoni na moja ya ufizini. Tahajia yetu ya leo haionyeshi hata kimoja cha hivyo. Kijana aliyelelewa akizisikia tofauti hizi ameshatangulia hatua kadhaa katika darasa la fonetiki, ila kwanza afundishwe kujua kwamba anazisikia.

Sheikh Ahmed Nabhany, Mungu amrehemu, alizaliwa Lamu na akaishi nasi hapa miaka mingi, bila shahada ya isimu. Aliyahifadhi mashairi, aliwafundisha maprofesa waliomfuata kutoka kila pembe, na aliunda maneno ya vitu vipya. Runinga mnayoitamka kila siku ni katika hayo. Huwa nafikiri angefika wapi kama kijana wa Mombasa aliyesomea kazi hii angekaa pembeni yake tangu mapema, na maabara ya sauti, na fedha za utafiti. Wazee wa namna yake bado wapo, Pate na Vumba na Rabai. Hawatangoja.

Kuhusu kazi, wazazi, sitawadanganya. Hamtafungua gazeti mkakuta tangazo la mwanaisimu kama mnavyokuta la mhasibu. Anayetaka kufundisha shule ya upili achague shahada ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundishia, kwa sababu Tume ya Huduma ya Walimu haimsajili mtu kwa kuwa anajua isimu tu. Huyo atasoma isimu yake ndani ya ualimu, na atakuwa mwalimu bora kwa hilo. Anayetaka kutibu usemi ajue kuwa atahitaji mafunzo ya kliniki juu ya shahada hii. Wengine huingia kwenye tafsiri na ukalimani, uhariri, utungaji wa mitihani na vitabu vya shule, lugha ya ishara, vyombo vya habari, kampuni za teknolojia ya lugha. Malipo ya kazi za kuweka alama kwenye data huwa madogo kwa wanaoanza, kwa hiyo msiuze miaka yenu minne huko. Milango imeongezeka: tangu 2022 Umoja wa Afrika umekipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na mikutano inahitaji wakalimani. Ushauri wangu kwa kijana ni kuiunganisha isimu na jambo la pili analolipenda, iwe sheria, afya, kompyuta au ualimu. Waliofanya hivyo ndio ninaowaona wakitafutwa.

Mkijaza maombi, msitafute jina tu. Chuo kimoja kitaiita isimu, kingine isimu na lugha, kingine kitaificha ndani ya shahada ya Kiswahili au ya Kiingereza, na mara nyingi jina lenyewe la isimu tumizi hutokea kwenye shahada ya uzamili. Someni orodha ya masomo ya kila mwaka. Ulizeni kama kuna masomo ya utafiti na kama mwanafunzi hupelekwa nyanjani. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, safari ya matatu tu kutoka hapa. Nendeni mkawaulize wanafunzi wenyewe. Daraja ya jumla ya C+ ndiyo mlango wa shahada nchini, lakini angalieni pia masharti ya masomo ya lugha, maana hutofautiana.

Na kabla ya kuchagua, jaribuni kazi yenyewe wiki hii. Mwombeni mtu mzima nyumbani ruhusa, mumrekodi kwa simu dakika tano akieleza jambo lolote, namna ya kupika wali wa nazi au safari yake ya kwanza kuvuka feri. Kisha kaeni muandike kila alichosema, kama alivyosema, bila kumsahihisha: vituo, kujirudia, Kiingereza alichochanganya, ndia na mato zake. Mtaona dakika tano hizo zinakula saa nzima na zaidi. Ambaye ataingia usiku bado anarudisha nyuma sauti ile ile ili ajue kwa nini msemaji aliitamka vile, kozi hii inamfaa. Atakayechoka mapema achague nyingine bila kuona haya.

Nawashukuru. Karibuni maswali.